18 ya nani? Kisa cha vigeu katika katalogi ya makabati ya jikoni

Kisa hiki kimetoka kwenye karakana moja ya makabati iliyoko Industrial Area, Nairobi. Majina ya watu, ya karakana na ya mteja nimeyaondoa, na idadi ya fleti nimeigeuza kidogo. Vipimo vya mbao na vyuma nimeviacha vilevile, maana bila hivyo hakuna kisa.

Usuli

Karakana ina mafundi tisa, msumeno mkubwa wa meza, mashine ya kubandika utepe wa PVC kwenye kingo za mbao, na ofisi ya mabati yenye kompyuta mbili. Mwenyewe ni mama aliyeanza kwa kuuza milango Gikomba. Kila mtu anamwita Madam. Fundi mkuu ni mzee wa makamo ambaye hajawahi kushika kipanya, lakini mpe mchoro uliochapishwa na ataliona kosa kabla hujamaliza kuukunjua. Mchoraji ni kijana mwenye diploma, mwepesi wa mkono, na kwa miaka mitatu ndiye peke yake aliyejua faili gani liko wapi.

Programu ya kuchorea wanayotumia ni FreeCAD. Walianza na nyingine ya kulipia, lakini malipo ya kila mwaka kwa dola yakawashinda, na FreeCAD haina ada. Si uamuzi wa kuonea haya. Kisa hiki kingetokea vilevile kwenye programu nyingine za kuchorea kama SolidWorks au Inventor, kwa kuwa tatizo halikuwa la programu.

Katalogi yao ilikuwa na mafaili 64: masanduku ya chini ya upana wa milimita 300 hadi 900, ya juu, la sinki, la kona, droo, rafu na milango. Yalizaliwa jinsi katalogi nyingi zinavyozaliwa. Kijana alichora sanduku la 600 vizuri kabisa, akalihifadhi kwa jina jipya, akabadilisha upana ukawa 500, akalihifadhi tena. Kila kipimo kiliandikwa kwa namba tupu. Ubao wa melamini wa karakana ulikuwa wa milimita 18 tangu siku ya kwanza, kwa hiyo 18 ilitapakaa kila mahali kama mchanga baada ya safari ya pwani.

Kwa asiyetumia programu hizi: kigeu ni thamani uliyoipa jina. Badala ya kuandika 18 kwenye mchoro unaandika jina, na 18 yenyewe inakaa mahali pamoja. Ukiibadilisha pale, kila kipande kinachoitumia hubadilika. Katika FreeCAD unafungua jedwali, unaipa seli jina la kupanga, kisha kwenye kipimo unaandika kitu kama Jedwali.unene. Hata faili jingine linaweza kuiita thamani hiyo: Msingi#Jedwali.unene. SolidWorks hukubali milinganyo yake isomwe kutoka faili la maandishi la nje, na Inventor huweza kusoma vipimo kutoka Excel. Njia ni nyingi, wazo ni moja.

Katalogi hii haikuwa na kigeu hata kimoja.

Oda iliyoleta matata

Ilikuja oda ya fleti 36 upande wa Kileleshwa, jikoni zote za mtindo mmoja. Bei ilishakubaliwa na tarehe ikawekwa, ndipo muuza mbao akasema melamini nyeupe ya 18 aliyonayo haitoshi hata nusu ya kazi. Ya 16 ilikuwepo tele. Madam akazungumza na kontrakta, wakakubaliana: masanduku yawe ya 16, milango ibaki 18, maana mlango ndio mteja anaoushika kila siku.

Kwa fundi wa tepu na penseli, badiliko hilo ni la kuwaza kidogo tu. Sanduku la nje ni 600. Ukitoa kuta mbili za 18, ndani unabaki na 564. Kuta zikiwa za 16, unabaki na 568. Basi. Lakini karakana ilikuwa imeshazoea kukata kwa orodha inayotoka kwenye kompyuta, na orodha ilikuwa bado inaishi kwenye 18.

Madam alimpigia mchoraji simu Ijumaa saa nane mchana. "Jumatatu asubuhi nataka orodha ya kumi na sita mezani."

Wikendi ya mchoraji

Kijana alifikiri vizuri kuliko wengi ambao wangefikiri kwa haraka ile. Angeweza kufuta 18 na kuandika 16 faili kwa faili, amalize Jumamosi. Akaona kuwa mwakani muuza mbao ataleta 17 au 19 na yeye ataanza upya. Kwa hiyo akaunda faili jipya, akaliita Msingi, akaweka ndani yake jedwali, na akaamua kila 18 kwenye katalogi iitwe kutoka huko.

Jina la kwanza alilojaribu lilikuwa T18. FreeCAD ikalikataa. T18 ni anwani ya seli (safu ya T, mstari wa 18), na programu hairuhusu jina la kupanga linalofanana na anwani. Nadhani angetulia dakika tano mbele ya ukatazaji ule, mengi yangeepukika. Badala yake akaandika UNENE_18, ikakubali, akaendelea.

Jumamosi na Jumapili alifungua faili moja baada ya jingine, akabonyeza michoro, na kila alipoona 18 akaifuta na kuandika Msingi#Jedwali.UNENE_18. Akakumbuka kwamba kuna 36 pia, yaani kuta mbili, akaziandika mara mbili ya kigeu. Mafaili ya milango hakuyagusa, kwa kuwa milango inabaki 18. Hapo alikuwa sahihi. Mafaili ya droo aliyafungua, hakuona 18 yoyote, akayafunga. Droo zao zilikuwa za plaiwudi ya milimita 12, na kwa hoja yake hazikuwa na uhusiano na melamini.

Jumapili usiku akaingia Msingi, kwenye seli yenye jina UNENE_18, akaandika 16. Masanduku yote yakajijenga upya kwenye skrini. Yalionekana sawa. Milimita mbili kwenye kabati la milimita mia sita hazionekani kwenye skrini na macho ya usiku wa Jumapili.

Jumatatu msumeno ukaanza. Walikata jikoni za fleti 12 kwa mkupuo, bila kukata ya majaribio.

Kule jengoni

Lori la kwanza lilifika Jumatano ya wiki iliyofuata. Masanduku ya chini yakapangwa, yakakaa. Rafu zikaingia. Milango ikafungwa, bawaba zikahitaji kuzungushwa skrubu ya pembeni kidogo, jambo ambalo hufanyika kila siku. Mpaka hapo kila mtu alikuwa na furaha.

Droo ya kwanza ilipoingizwa, reli ya kushoto ilishika, ya kulia ikaning'inia. Fundi akaitoa, akaigeuza, akaiingiza tena. Ikaingia, ikavutwa, ikaanguka miguuni pake.

Hesabu yake ni hii. Reli za pembeni za kawaida, zile za golori, huhitaji milimita 12.7 kila upande, yaani nusu inchi. Ndani ya sanduku la zamani ni 564. Droo ilichorwa 538. Kila upande unabaki na 13. Inatosha, na sehemu ndogo ya kupumulia. Sanduku jipya ndani ni 568, droo ikabaki 538 ileile, kila upande sasa una 15. Zaidi ya milimita mbili za hewa kila upande, na reli haina cha kukamata.

Kijana alikuwa ameandika 538 kwa mkono miaka mitatu iliyopita. Ndani ya 538 mlikuwa na 18 mbili zimejificha, na hakuna jicho ambalo lingeziona kwa kutafuta "18".

Makabati ya juu yalikuwa na kosa la upande wa pili. Karakana hii haitumii vyuma vya kutundikia. Wanafunga ubao ukutani uliokatwa kwa mshazari, na kabati linakalia juu yake. Ubao huo hujificha nyuma ya kabati, kwenye nafasi iliyoachwa kati ya mgongo na ukuta. Nafasi hiyo kwenye mchoro ilikuwa 18, kwa sababu ubao wa ukutani hukatwa kutoka mabaki ya milango, na milango ni ya 18. Kijana alipoiona 18 ile aliiunganisha na UNENE_18 kama nyingine zote. Nafasi ikawa 16, ubao ukabaki 18, na kila kabati la juu likasimama milimita mbili mbele ya ukuta. Fundi mkuu akatoa kitambulisho chake mfukoni, akakisukuma nyuma ya kabati hadi vidole vikagusa vigae.

"Kijana," akamwambia kwenye simu, "hapa kuna kumi na nane iliyoponyoka na nyingine iliyokamatwa bure."

Sijasikia mtu akilieleza tatizo hili la vigeu kwa ufupi na usahihi kama huo, na aliyelieleza hajui hata kuwasha kompyuta.

Marekebisho ya jengoni yalikuwa ya kifundi. Kwa makabati ya juu, walikata ubao mpya wa ukutani kutoka mabaki ya 16, kazi ya mchana mmoja. Kwa droo, walichukua utepe wa PVC wa milimita 2, ule wanaobandika kwenye kingo za milango, wakaukata vipande na kuviweka nyuma ya kila reli. Kumi na tano ukitoa mbili ni kumi na tatu, nafasi ileile ya zamani. Kila jikoni ilikuwa na kabati moja la droo tatu. Fleti 12, droo 36, reli 72 za kufungua na kufunga tena. Ilichukua mafundi wanne siku tatu, na kontrakta akiwa amesimama mlangoni.

Tulivyopanga upya

Hapo ndipo nilipoitwa. Zilibaki fleti 24 za kukata na Madam alitaka jambo moja: asisikie tena habari ya droo.

Sikuanza na kompyuta. Nilianza na orodha. Faili la FreeCAD kwa kweli ni zipu, yaani furushi la mafaili yaliyobanwa pamoja; ukilifungua hivyo unakuta ndani yake Document.xml, na humo mna kila kipimo cha kila mchoro na kila fomula. Niliandika skripti fupi ya Python iliyopita kwenye mafaili yote 64 na kuchota namba. Zilikuja karibu 1,900. Nilipoondoa zinazojirudia zikabaki namba tofauti kama 210, kurasa chache za kuchapisha.

Nikakaa na fundi mkuu na mchoraji, chai ya saa nne mezani, kalamu mkononi. Kwa kila namba tuliuliza swali moja: hii ni ya nani? Hatukuuliza ni kubwa kiasi gani. Tulitaka kujua ni nani au nini kikibadilika ndipo namba hii nayo ibadilike.

"Mzee, hii 70 nyuma ya sanduku la sinki?"

"Hiyo ni ya plamba. Bomba lake hukaa anapotaka yeye. Muachie nafasi."

"Na hii 37?"

"Hiyo ni ya bawaba. Usiiguse."

Alikuwa sahihi, na hapo nilimwongezea kidogo. Kuna familia ya namba za makabati ambazo si zetu wala si za mteja: matundu ya milimita 5 yanayopangwa kila milimita 32, mstari wa kwanza ukiwa 37 kutoka ukingo wa mbele, na tundu la bawaba la 35 kwenye mlango. Watengenezaji wa vyuma huzifuata, na drili huuzwa kwa vipimo hivyo. Hizo hazibadiliki kwa sababu ya ubao. Tazama mtego uliopo lakini: 32 ni 16 mara mbili. Mtu angefanya utafutaji ule wa wikendi karakana ikiwa tayari inatumia ubao wa 16, angeweza kabisa kugeuza nafasi ya matundu kuwa mara mbili ya unene, na kosa lingelala pale kimya mpaka ubao ubadilike tena.

"Na hii 18?" mchoraji akauliza.

"Ipi? Ziko nyingi hizo."

Zilikuwa tano. Unene wa sanduku. Unene wa mlango. Ubao wa ukutani. Umbali wa kibao cha miguu kutoka ukingo wa mbele, ambao Madam mwenyewe aliuchagua kwa jicho. Na 18 moja kwenye sanduku la kona ambayo hakuna aliyekumbuka ilitoka wapi. Tukaiacha na alama ya kuuliza.

Baada ya asubuhi mbili za namna hiyo, tulijenga Msingi upya. Jedwali moja likawa matatu: la mbao, la vyuma, na la mtindo wa karakana. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni wazi: ajuaye bei za mbao hana haja ya kugusa vipimo vya bawaba. Ya pili ni ya programu. Katika FreeCAD ukigusa seli moja, vitu vyote vinavyotegemea jedwali hilo huhesabiwa upya, hata visivyotumia seli uliyoigusa. Kwenye kompyuta yao ya zamani, jedwali moja kubwa lilimaanisha kila badiliko dogo linakupa muda wa kwenda kununua mandazi. Majedwali matatu yalipunguza subira, ingawa hayakuiondoa.

Vigeu vya kipande kimoja tu, kwa mfano idadi ya rafu au urefu wa droo ya juu, hatukuviweka Msingi. Toleo la FreeCAD 1.0, lililotoka Novemba 2024, lilileta kifaa kinachoitwa VarSet, kikapu cha vigeu kinachokaa ndani ya faili lenyewe. Tulivitia humo. Kipande kinabeba cha kwake, Msingi unabeba cha wote.

Kwenye majina tuliweka sharti moja ambalo mchoraji alilicheka mwanzoni: jina la kigeu lisiwe na namba ndani yake. UNENE_18 yenye thamani 16 ni uongo ulioandikwa kwa herufi kubwa. Jina liseme kazi: unene_sanduku, unene_mlango, nafasi_reli. Kiswahili chenyewe kilitukwaza mara moja. Nilitaka ubao wa ukutani uitwe kining'inizi, programu ikakataa, kwa sababu haipokei ile alama ya ritifaa (') kwenye jina. Ukaitwa ubao_ukutani.

Droo sasa haikuandikwa tena 538. Iliandikwa upana wa sanduku, ukitoa unene_sanduku mara mbili, ukitoa nafasi_reli mara mbili. Nafasi_reli ni 13 na inakaa kwenye jedwali la vyuma, kwa kuwa siku wakinunua reli za aina nyingine ni hiyo itakayobadilika na si ubao.

Hatukugeuza kila namba kuwa kigeu. Mahali pa mkono wa mlango, mviringo wa pembe, urefu wa skrubu: vyote vilibaki namba tupu. Kila kigeu ni ahadi kwamba utalitunza jina lake. Karakana yenye mchoraji mmoja isitoe ahadi mia mbili.

Jaribio la ubao wa 30

Kabla ya kukata chochote tulifanya jambo ambalo ningependa lifanywe kila karakana. Tuliweka unene_sanduku kuwa 30. Hakuna anayetumia ubao huo jikoni, na ndiyo maana tuliuchagua. Kwa 16 dhidi ya 18 jicho halioni kitu. Kwa 30 sanduku lote linanenepa kama kitumbua, na kisichosogea kinajitokeza chenyewe. Ubao wa chini wa sanduku la 600 unatakiwa uwe 540, droo 514. Tulipita faili kwa faili na orodha mkononi.

Mafaili saba yalikaa kimya yalipopaswa kusogea. Matatu kati ya hayo yalikuwa rafu, zilizoandikwa 562 kwa mkono, kosa lilelile la droo; jengoni halikuonekana kwa sababu rafu hukalia pini na haijali milimita chache za pembeni. Mchoro wa sanduku la kona ulivunjika kabisa, mistari ikapindukiana. Kisha tukarudisha 16, tukaweka unene_mlango kuwa 30, tukatazama tena, safari hii tukitaka masanduku yasisogee hata kidogo.

Baadaye tukakata jikoni moja, tukaifunga karakanani sakafuni, droo zote tatu. Madam akazivuta mwenyewe, moja moja, akaenda zake bila kusema neno.

Matokeo

Fleti 24 zilizobaki zilikatwa kwa mikupuo miwili. Hakuna droo iliyorudi. Kabati moja la sinki lilirudi, lakini hilo ni la plamba.

Miezi miwili baadaye mfumo wangu nao ulianguka. Mchoraji alinakili folda nzima kwenye flashi akafanye kazi nyumbani. FreeCAD hukumbuka faili la jirani kwa njia inayoanzia pale faili lilipo, kwa hiyo nakala yake ya nyumbani ilisoma Msingi wa nyumbani, kama inavyopaswa. Akiwa huko akabadilisha unene_sanduku kuwa 18 kwa mteja mwingine, akarudi, akabandika folda juu ya ile ya ofisini. Wiki hiyo kulikuwa na droo mbili za fleti za Kileleshwa za kukata upya kwa sababu zilipata maji. Zilikatwa 538 badala ya 542. Fundi mkuu alizipima kabla hazijatoka mlangoni, kwa sababu sasa hupima kila droo.

Kosa hilo lilikuwa langu. Nilikuwa nimeuza wazo la Msingi mmoja kwa kazi zote, ubadilishe mahali pamoja na kila kitu kifuate. Kwa katalogi hilo ni zuri. Kwa kazi iliyokwisha kukatwa ni hatari, kwa sababu jikoni iliyokwisha kufungwa ukutani haifuati jedwali. Tukabadilisha utaratibu: oda ikishasainiwa, folda nzima pamoja na Msingi wake inanakiliwa, inapewa jina la kazi na tarehe, na kufungwa isiandikike. Katalogi inaendelea na maisha yake. Kila oda inabaki na vigeu vyake vya siku ile.

Uchambuzi

Uamuzi wa mchoraji wa kuweka thamani mahali pamoja ulikuwa sahihi, na nimewaambia hivyo wote wawili, yeye na Madam. Kilichomwangusha ni swali alilolibeba. Aliuliza "18 iko wapi?" Swali hilo hukupa makosa ya aina mbili kwa wakati mmoja. Hukamata namba zinazofanana kwa sura tu, kama nafasi ya ubao wa ukutani, na huacha zilizovaa sura nyingine, kama 538 na 562. Na kwa kuwa ni utafutaji wa kuchosha, ukiumaliza unajiona umemaliza kazi.

Ile 18 ya ukutani ndiyo iliyonifikirisha zaidi, kwa sababu ilikuwa unene kweli, unene wa ubao mwingine. Mimi na fundi mkuu hatujakubaliana juu yake hadi leo. Anasema ingeachwa ifuate sanduku, kwani mabaki ya 16 yatakuwepo daima masanduku yakiwa ya 16. Mimi nasema ikae peke yake, kwani siku moja watatundika kwa chuma. Tumeipa jina lake na thamani yake, na kwa sasa thamani hiyo ni 16. Kwa hiyo kila mmoja anaona ameshinda.

Inafaa pia kuangalia ni wapi kosa lilisamehewa. Bawaba ilisamehe, kwa sababu ina skrubu ya kusogezea mlango. Rafu ilisamehe. Droo haikusamehe hata kidogo. Mwenye muda mchache wa kuunganisha vigeu aanze na vipande vyenye nafasi finyu, yaani droo, migongo inayoingia kwenye mifereji, na vifaa vya kuchomekwa kama oveni. Kijana alianza na masanduku kwa sababu ndiyo makubwa na ndiyo mengi. Droo aliziruka kwa sababu hazikuwa na melamini, ilhali ndizo zilizotegemea unene wa melamini kuliko kipande kingine chochote.

Kuhusu kukata fleti 12 bila kukata moja ya majaribio, sitamlaumu mtu mmoja. Madam alikuwa na tarehe, mchoraji hakulala, na skrini ilionyesha sawa. Lakini siku moja ya jikoni ya majaribio ingeokoa siku tatu za mafundi wanne, na pia uso wa kontrakta, ambao Madam anasema ndio uliomgharimu zaidi.

Na jambo la mwisho ni la maarifa yalikokaa. Kwa nini 18 ile, kwa nini 70, kwa nini 37, yote yalikuwa kichwani mwa mtu asiyetumia programu, na katalogi ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye hakuwahi kumuuliza. Zile asubuhi mbili za chai zilifanya kazi kubwa kuliko skripti yangu. Sasa kila seli ya Msingi ina maelezo mafupi pembeni, kwa Kiswahili cha karakana: "ya plamba", "ya reli za golori", "Madam alichagua".

Sanduku la kona bado halijaunganishwa. Kila tukijaribu kulipa vigeu mchoro wake unavunjika, na mchoraji anasema lichorwe upya kuanzia mwanzo. Kwa sasa likija kwenye oda, fundi mkuu analipima kwa tepu na kuandika vipimo nyuma ya karatasi. Ile 18 yenye alama ya kuuliza bado imo ndani yake.